Vigingi Mlangoni Pangu

Kuna mtu alikuwa ananing'olea vigingi, halafu ananisafishia.

Msicheke. Kila asubuhi nikifungua mlango wa jikoni, nilivikuta kizingitini, vimefutwa udongo, vimelazwa pamoja kama vijiko.

Nyumba yetu ya shamba imepakana na magofu ya kanisa la watawa wa kale, huku magharibi mwa Ayalandi. Mwanangu Fintan alitaka kusawazisha pembe iliyo chini ya ukuta wa kaskazini, wageni wapate pa kuegesha magari. Akipigilia vigingi vya kupimia leo, kesho vimeng'oka.

"Mama, kuna mtu anatuchezea shere. Kesho naleta katapila, tuone nani mbabe."

Nikakosa raha. Nikikaa, nasimama. Mbaya wako gani anakufutia vigingi udongo?

Katapila likaja asubuhi. Kwenye pembe ile, katikati ya mawe meupe yaliyotapakaa majanini, alikuwa ameketi jirani yetu, Mzee Malachy, kofia magotini.

"Kumbe ni wewe!" Fintan akafoka. "Mzee, toka hapo! Umekuwa kuku, unaatamia mawe?"

"Naatamia, ndiyo. Nipitie mimi kwanza, mwanangu."

"Si ungesema tangu mwanzo?"

Mzee akanitazama mimi. "Niseme nini mbele ya mama yako?"

Nikamsogelea.

"Malachy, sema."

"Hapa wamelala watoto waliokufa bila kubatizwa, Dympna. Mapadri wa siku zile hawakuwaruhusu makaburini. Baba zao waliwaleta kimyakimya, wakawawekea jiwe jeupe."

Nikamshika Fintan mkono.

Kabla yake nilizaa binti. Hakulia. Marehemu mume wangu, Colman, alimbeba kwenye kisanduku, akarudi mikono mitupu. Hakusema alikompeleka. Nami sikuuliza, siku zile hatukuuliza.

"Yupo hapa?"

"Mimi ndiye niliyemshikia Colman koleo. Aliniapisha nisikutoneshe kidonda. Jiwe lake lile, karibu na ukuta."

"Na vigingi ulivisafisha kwa nini?"

"Ni mali yako. Ningekurudishiaje vikiwa na matope?"

Fintan akamwashiria dereva azime mashine. Akavua kofia, akachuchumaa penye jiwe.

"Mama, dada yangu anaitwa nani?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikalitamka jina lake kwa sauti, mara ya kwanza maishani mwangu.

Wanangu mnaosoma, mtu akikukera bila kukutukana, muulize kwa upole. Huenda amekubebea mzigo wako miaka yote.