Upande wa Nyuma wa Mguu

Kazi ya kwanza niliyoipata baada ya chuo ilikuwa kupima miguu ya wagonjwa wa matende kwa simu. Unauzunguka mguu polepole ukiupiga picha, kisha simu inaziunga picha hizo na kukuonyesha mguu wote, unaoweza kuugeuza kwa kidole, pamoja na kiasi cha uvimbe wake. Utepe wa kupimia, tulifundishwa, hudanganywa na mikunjo ya ngozi. Mimi niliiogopa simu. Niliwaza jasho langu kwenye kioo, giza la vyumba, hata iwapo hodi yangu ilikuwa imesikika vizuri au la.

Mama mmoja wa kijiji cha Jego nilimpima mara ya pili nyumbani kwake. Tangu tulipompima mara ya kwanza kwenye kituo cha afya, bintiye alikuwa akimwosha mguu kila siku, akiukausha na kuufunga bendeji. Mama mwenyewe hakuweza kuinama. Alichokijua kuhusu mguu wake ni alichoambiwa na binti: unapungua. Kwa neno hilo alikuwa ameanza kuzungumzia kurudi barabarani kukaanga samaki wake wa kuuza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ungeniambia mapema kuwa unaleta simu, ningeupaka wanja."

Binti, aliyekuwa amechuchumaa akifungua bendeji, hakucheka. Nikaanza kuzunguka.

"Wanizunguka kama nzi," mama akasema.

"Karibu namaliza. Usiutikise."

Kipimo kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza. Nikadhani simu imehesabu pindo la leso aliyojifunga kuwa nyama. Nikamwomba aipandishe, nikapima tena. Hakikubadilika. Niliwaza niseme "umezidi kidogo", kisha nikawaza kama hilo "kidogo" ni huruma au uongo. Nikiwa bado nalipima neno, mama akanyoosha mkono.

"Nipe niuone."

Sikujua kama inaruhusiwa. Lakini mguu ulikuwa wake. Nikampa simu, akaugeuza mguu kwenye kioo kwa kidole mpaka nyuma, akakomea hapo. Juu ya kisigino nyama ilikuwa imefanya mikunjo na vinundu, na katikati ya mikunjo kulikuwa na kidonda kibichi.

"Hiki cha lini?" aliniuliza.

Aliyejibu ni binti. "Tangu Ramadhani."

"Na kila siku waniambia unapungua."

"Ulikuwa huli, mama. Nilipokwambia umepungua ndipo ulipokula."

Mama akanigeukia. "Wewe msomi, sema. Umepungua?"

"Haukupungua, mama. Umezidi. Na hicho kidonda kinataka kuonwa hospitali, Msambweni."

Sidhani kama alisikia habari ya hospitali. Binti alikuwa amelivuta karibu beseni la maji ya kuuoshea mguu, na mama akalisogeza mbali naye kwa ule mguu mwingine.

"Lete sabuni. Nitauosha mwenyewe."

"Hufiki, mama."

"Nimesema lete."

Akapewa. Akainama huku akitoa pumzi kwa kelele. Mkono ulipita goti, ukashuka kidogo kwenye muundi, ukakwama. Akajaribu kwa upande. Sabuni ikamponyoka, ikatumbukia besenini. Binti hakuiokota, na mimi nilishindwa kuamua kama kuiokota ni kumsaidia au kumtukana. Tukakaa sote watatu tukiyatazama maji yakigeuka meupe.