Picha ya Mama Yetu Haina Mwanya

Admin, naomba unifichie jina maana ndugu zangu wengi wamo humu. Mimi ni dada wa miaka 29, nashona nguo Kibondo mjini, kwetu ni Murungu. Mama alifariki miaka mitano iliyopita, akamwacha kitinda mimba wetu bado ananyonya. Binti huyo anaishi na baba kijijini, mimi huenda kila nikipata nafasi, na mwaka huu ameanza darasa la kwanza.

Mama hakupenda kupigwa picha. Tulikuwa na moja tu, ya zile kamera za mkanda, imekaa kwenye fremu tangu sijazaliwa. Siku ya msiba niliipeleka studio mjini ikuzwe, ili itangulie mbele ya jeneza. Kumbe unyevu ulikuwa umeigandisha kwenye kioo. Fundi alipoibandua, mdomo wa mama ukabaki kwenye kioo. Nililia palepale. Fundi akaniambia, "Dada usilie, siku hizi kompyuta haishindwi kitu." Kweli, kompyuta ikambunia mdomo mwingine, ikatoka picha kubwa, mama ameng'aa, anatabasamu, meno yamebanana kama punje za mahindi. Mama yangu alikuwa na mwanya jamani, tena mpana, akicheka unauona toka barabarani! Lakini watu walikuwa wanasubiri kuzika, nikaibeba hivyohivyo. Shangazi zangu wakasema amependeza. Baba aliitazama kidogo akasema, "Haya."

Tangu hapo baba akila ugali huipa mgongo ile picha. Mimi nikadhani ni uchungu tu.

Mdogo wangu ndiye aliyeipenda. Kila asubuhi kabla ya shule husimama chini yake, "Shikamoo mama," halafu anajiitikia mwenyewe, "Marahaba."

Mwezi uliopita nilikuwa nyumbani, akarudi shuleni analia. Wenzake wamemcheka mwanya. Nikamwambia, "Nyamaza, huo umeurithi kwa mama." Akaenda mbele ya picha, akaangalia weee, kisha akanigeukia. "Dada unanidanganya. Mama hana. Kwani mimi ni wa nani?"

Baba akainuka, akaishusha picha na kuigeuzia uso ukutani. "Huyo simjui," akasema. "Mama yenu nimekaa naye mimi. Huyo mmemtoa mjini." Mtoto akaikumbatia ile fremu, "Baba usimfukuze mama!" Baba akaangua kilio. Hata siku ya mazishi hakulia vile.

Nimerudi kwa fundi. Anasema kumchonga mama mwanya kwa kompyuta ni kazi ndogo sana. Nikampigia baba kumwambia. Akasema, "Mwanangu, msinitungie mke mara ya pili."

Ndugu zangu, nimechoka kulia. Nikiirudisha ile picha ukutani namuumiza mzee wangu, ambaye sura ya mke wake imebaki kichwani mwake tu. Nikiiondoa, huyu mtoto hana mama mwingine wa kumwamkia. Na jana kaniuliza kwenye simu, kwa sauti ya chini ili baba asisikie, "Dada, mbona mama bado ameangalia ukuta? Amekosa nini?"

Nishaurini tafadhali, bila matusi. Nimjibu nini?