Siku Niliyoonja Chupa ya Posa

Jamani, aibu ninayo, sikatai, maana mtu mzima wa miaka arobaini na tatu, mama wa watoto watatu, katibu wa kwaya ya akina mama, nimewahi kukaa ndani ya beseni la kunawia mikono mbele ya wakwe, mchana kweupe, na kitenge cha sare mwilini, nikiwa nimelewa. Haya, nimeshasema. Chekeni mmalize kwanza, ndipo niwaeleze kwa nini mpaka leo hasira niliyonayo ni kubwa kuliko hiyo aibu.

Mdogo wangu Elia, ambaye nimemlea mwenyewe tangu wazazi wetu walipofariki, alipata mchumba huko Shelui, binti anaitwa Rehema, mtoto ana adabu zake, sina neno naye. Tukapeleka barua ya posa, ikajibiwa vizuri, na pamoja na majibu ikaja orodha ya vitu vya kwenda navyo: blanketi la babu, shuka za bibi, vitenge vya mashangazi, na mwisho kabisa, kwa mwandiko wa baba wa binti mwenyewe, Mzee Gunda (dereva wa malori mstaafu, kazunguka mpaka Zambia na Kongo huko, karudi na ladha za watu), kwamba wazee wapewe chupa moja ya kinywaji kikali, kizuri, cha kunywa taratibu, kisichokwaruza koo. Pombe ya mtama hakuitaka, bia hakuitaka. Elia akanishika mikono yote miwili, akaniambia dada, yule mzee aliwahi kurudisha posa ya mtu kwa ajili ya blanketi jembamba, nakuomba sana usikosee kitu.

Sasa mtaniuliza, wewe mtu wa kanisa, na kanisa lenyewe hili letu ambalo pombe hatuinusi, ulitafuta nini kwenye chupa? Ndiyo maana nasema nina hasira. Mtu wa kununua alikuwa baba mdogo Mkumbo, ambaye ndiye msemaji wetu na ndiye anayezijua chupa, lakini baba mdogo huwezi kumpa hela ya chupa halafu ukategemea kuiona chupa. Kila mtu pale nyumbani alijua hilo na hakuna aliyethubutu kulisema, wote wakanigeukia mimi.

Basi nikapanda basi kutoka Nduguti mpaka Singida mjini, nikajifunga mtandio vizuri usoni kama mtu mwenye jino bovu, nikaingia duka la vinywaji. Nikamwambia muuzaji nataka kitu kikali ambacho hakikwaruzi. Akaniuliza nataka wiski au konyaki, nikamwambia nataka kisichokwaruza. Akashusha chupa moja nene, rangi yake kama asali ya mwanzo wa msimu, akaanza kunisomesha kwamba hii imelala kwenye mapipa ya mbao miaka kumi na miwili ndiyo maana imekuwa laini. (Mimi ni muuza mafuta ya alizeti, na mafuta yangu yakilala miaka miwili tu mteja ananirushia dumu. Hawa wenzetu wanalaza kitu miaka kumi na miwili halafu wanaongeza bei.) Nikamuuliza ana uhakika gani, akanijibu, "Mama, hii haimezwi, inashuka yenyewe." Nikalipa, nikaifunga kwenye khanga, nikarudi nayo nyumbani nimeipakata kama mtoto mchanga.

Hapo mambo yalikuwa bado mazuri. Kilichoniponza ni kazi yangu. Sisi wauza mafuta hatupeleki dumu kwa mtu bila kulifungua na kuonja, awe ni nani, maana ukipeleka mafuta machungu jina linalochafuka ni lako, siyo la mashine iliyokamua. Miaka kumi na tano nimefanya hivyo. Sasa jioni ile nikaikalisha ile chupa mezani nikaitazama, nikajisemea hivi kweli mimi nitapeleka kwa wakwe kitu ambacho sijakionja, na hizi habari za pombe feki tunazozisikia kila siku, je, ikiwakwaruza? Nikaomba msamaha kwa Mungu kabla, nikashika kifuniko, nikazungusha. Kile kipete cha chini kikalia ka, kikakatika.

Nikamimina kwenye kifuniko, nikaonja. Ndugu zangu, moto ulishuka mpaka kwenye kitovu. Nikakohoa mpaka Witness, binti yangu mkubwa, akaja kuniuliza kama nimepaliwa. Na hapo ndipo nilipotambua upumbavu wangu wote, kwamba mtu ambaye hajawahi kunywa kitu kikali hata siku moja atajuaje kama hiki kinakwaruza kidogo au kinakwaruza sana? Nimevunja mhuri wa chupa ya wakwe na sijajua lolote nililotaka kulijua!

Kama ningeinyamazia hivyo hivyo, au ningemwambia baba mdogo ukweli, pengine leo ningekuwa bado na heshima zangu. Hapana. Nikachukua ile gundi ya kubandikia soli za viatu, nikakibandika kipete, nikakibandika na kifuniko chenyewe, nikafuta kwa kitambaa, nikalala na amani.

Siku ya siku tukafika Shelui saa sita mchana, mimi na mashangazi tumevaa sare, tukapokelewa vizuri, shikamoo zikaenda na marahaba zikarudi, tukaketishwa uani kwenye kivuli cha turubai. Upande wao kulikuwa na wazee sita wamepanga viti mbele. Katikati Mzee Gunda, na kushoto kwake mjomba wa Rehema, Mzee Yohana, ambaye nilishtuka kumwona kwa sababu namjua, ni mzee wa kanisa letu hili hili, tawi la huko Shelui, na kila mkutano wa kwaya yeye ndiye anayefungua kwa sala. Nikajua basi huyu hatagusa glasi. Nawaambia, akawa wa kwanza kusogeza ya kwake.

Baba mdogo akasema maneno yake, vitu vikapokelewa kimoja kimoja, blanketi likapapaswa, likapita. Ikafika chupa. Mzee Gunda akaisoma karatasi yake yote, akatabasamu, akashika kifuniko, akazungusha, wapi. Akabadilisha mkono, wapi. Akampa kijana mwenye misuli, wapi. Mwisho ikaletwa koleo ya kwenye lori, akabana, akavuta, na kifuniko kikatoka na vipande vya gundi iliyokauka vikamwangukia magotini. Akaokota kipande kimoja, akakigeuzageuza, kisha akaiweka chupa chini.

"Chupa hii imefunguliwa," akasema.

Mnaelewa wenyewe, kwetu huku chupa iliyofunguliwa haipelekwi kwa wazee, maana hakuna anayejua kilichoongezwa ndani ni nini. Posa nyingi zimekufa kwa shaka ndogo kuliko hiyo. Na baba mdogo, maskini ya Mungu, hakujua lolote, akasimama juu kwa hasira, akavua kofia.

"Naapa kwa kaburi la marehemu kaka yangu, chupa hii haijaguswa na mtu."

Huyo marehemu kaka yake ni baba yangu mzazi. Sasa ningekaa kimya vipi, baba yangu anaapiwa uongo kwenye ua wa watu? Nikasimama, nikasema, "Ni mimi. Niliifungua nionje kama inakwaruza." Kuna shangazi mmoja wa upande wao aliguna kwa sauti ambayo bado naisikia.

Mzee Gunda akasema kwa upole kabisa, upole ambao ulikuwa mbaya kuliko kufokewa, "Basi mama, aliyefungua ndiye atakayetutoa wasiwasi. Kila glasi, uanze wewe."

Kila glasi! Nilidhani nitalamba mara moja yaishe. Akamimina sita, moja ya kila mzee, na mimi nikatakiwa nipige funda kwenye kila moja mbele ya mwenyewe, tena funda la kuonekana likishuka. Nikamtazama baba mdogo aniokoe, akatazama kofia yake. Nikamfikiria Elia aliyekuwa nyumbani ameishika simu mkononi, nikanywa. Ya kwanza moto. Ya pili moto. Ya tatu ikawa joto tu. Ya nne, naomba Mungu anisamehe, ikashuka yenyewe, nikamkumbuka yule muuzaji na nikaona alikuwa mtu mkweli sana. Ya tano ilikuwa ya Mzee Yohana, na nilipomrudishia hakunitazama usoni, akainywa yote kwa mkupuo. Chupa yenyewe wameagiza ya kunywa taratibu!

Baada ya ya sita wazee wengine nao walinywa, wakasifu, na nadhani ningerudi kukaa yakaisha, lakini kichwa changu kilikuwa kimeshafungua mkutano wa kwaya. Nikawaambia wakwe kwamba jambo jema namna hii halipiti bila wimbo. Nikaanzisha. Halafu, kwa vile mimi siwezi kuvumilia wimbo ulegee, nikaanza kuwapanga wazee wa watu kwa sauti, Mzee Gunda nikamweka besi, wawili nikawapeleka sauti ya teno, na wakatii (sijui kwa nini walitii), tukaimba ubeti mzima, mpaka nikasikia sauti moja inakwenda kwake peke yake. Nikasimamisha wimbo.

"Mzee Yohana, wewe pumzika," nikasema. "Miaka yote unatuharibia, ila watu wanakuogopa."

Watu walicheka mpaka turubai likatikisika, wote isipokuwa yeye. Na mimi nikaona nimemaliza kazi, nikarudi nyuma kwa heshima kama tunavyofanya madhabahuni, nikakaa. Kiti hakikuwepo. Kulikuwa na beseni, na maji yake bado ya moto.

Mashangazi wa upande wao ndio walionitoa, wawili mikono na mmoja kiuno, wakanivalisha khanga ya mtu. Nikiwa ndani nasikia Mzee Gunda anamwambia baba mdogo kwamba amepokea posa, kwa sababu mtu mwenye hila hawezi kunywa glasi sita za hila yake mwenyewe. Nililia kwa furaha. Na mnajua Elia alinipigia simu akaniambia nini? "Dada, umenitia aibu." Huyo niliyemlea kwa mafuta ya alizeti! Nikakata simu.

Wiki mbili baadaye ikafika barua kanisani kwetu kwamba dada fulani wa kwaya ameonekana Shelui amelewa. Mwandishi ni Mzee Yohana, na sahihi yake ndefu ile. Wazee wa kanisa wakaniita, wakaniuliza kama ni kweli nilikunywa, nikasema ni kweli. Wakaniuliza nilikunywa na nani. Hapo ndugu zangu neno lilinijaa mdomoni mpaka mashavu yakauma. Lakini harusi ilikuwa imebaki mwezi mmoja na nusu, na mjomba wa binti akinuna, kwetu ndoa inasimama. Nikasema nilikunywa peke yangu. Wakanisimamisha kwaya miezi mitatu.

Kwa hiyo siku ya harusi ya mdogo wangu nilikaa benchi la tano, nasikiliza kwaya yangu inaimba wimbo niliowafundisha mimi, na ubeti wa tatu wakaingia vibaya, nikabana meno. Akasimama Mzee Yohana kuomba. Aliomba muda mrefu, akawaombea maharusi, akawaombea wazazi, na akaiombea jamii yetu iepukane na ulevi, hasa kwa akina mama.

Tulipokuwa kwenye chakula akaja akainama pembeni ya kiti changu, akatazama huku na huku. Nilimwamkia shikamoo, ningefanyaje, ni mjomba wa wifi yangu. Akaitikia marahaba, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama Witness, ile chupa ulinunua duka gani?"

Nikamwelekeza vizuri, mtaa na rangi ya mlango. Nikamwambia ila atafute mtu mwingine wa kumwonjea, mimi bado nina mwezi mmoja na nusu wa adhabu. Posa zitakuja nyingine, na mkinihitaji nitakwenda, lakini nitabeba blanketi.