Majira ya Baridi Tuliyomlea Mbweha

Harufu ya kitenge kipya kinapopigwa pasi bado hunirudisha Rosettenville, kwenye chumba chetu cha mbele, majira ya baridi nilipokuwa na miaka tisa. Ni harufu ya nta na rangi, kali kidogo puani, na kwetu ilichanganyika na harufu ya mafuta ya taa kutoka kwenye hita ndogo ambayo baba alikataza isiwashwe mlango ukiwa umefungwa. Baridi ya Johannesburg haina mvua. Hewa hukauka mpaka midomo ikapasuka, nyasi za kando ya barabara hugeuka manjano, na jua huwaka vizuri kabisa bila kumpasha mtu joto. Mama yangu, fundi wa kushona aliyetoka Uvira, hakuliamini jua la namna hiyo. Alilitazama dirishani kama anavyomtazama mteja anayeahidi kupitia kesho.

Nilikuwa mtoto pekee nyumbani. Baba alilinda lango la nyumba za matajiri upande wa kaskazini wa jiji. Alitoka jioni, akarudi asubuhi, akalala mchana kutwa chumba cha nyuma, kwa hiyo mama alikuwa wangu. Nilikula naye sahani moja, na usiku nililala ubavuni pake. Na nilikuwa na cheo kingine ambacho nilikipenda kuliko vyote: nilikuwa mdomo wake. Yeye alijua Kiswahili na Kifaransa, lugha ambazo hazikumsaidia chochote kwa mwenye nyumba wala kwa wauza vitambaa. Mimi Kiingereza na Kizulu nilivipata shuleni na mtaani bila kujua nimevipataje. Kila tulipokwenda, mama alinigusa bega na kusema, "Muulize," nami nikauliza. Watu wazima waliinama kunisikiliza. Nilivimba kichwa, nakiri, na sikuona kwa nini mtu mwenye kazi kama yangu alazimishwe kulala mapema.

Kwamba mama alikuwa mjamzito sikuambiwa na mtu. Kwetu mimba haitajwi. Hainunuliwi nguo, haipewi jina, wala neno "mtoto" halitamkwi karibu nayo, kwa kuwa kiumbe ambaye hajafika hatakiwi kusikia anangojwa sana. Mtu akiuliza, unasema mama anaumwa mgongo. Ila mimi nilikuwa mdomo, na mdomo haufichwi kitu. Kliniki, daktari kijana alisema kwa Kiingereza kwamba mama alale, asikanyage cherehani, asibebe hata ndoo, la sivyo mtoto anaweza kutoka kabla ya wakati wake na asiishi. Nikatafsiri yote mpaka hiyo la sivyo. Mama aliitikia kwa kichwa, akaninunulia chungwa njiani, na tulipofika nyumbani hakuna aliyelizungumzia tena.

Basi akalala. Godoro liliwekwa chumba cha mbele ili aone barabara, cherehani ikafunikwa shuka, na mama, ambaye sikuwahi kumwona amekaa bila sindano mkononi, akaanza kuhesabu nyufa za dari kwa hasira. Zamani yeye ndiye aliyenisimulia hadithi, za ziwa na milima ya kwao. Sasa alisema hadithi zimemwisha. Nikaazima kitabu kwenye kabati la darasani, kitabu cha Kiingereza kisicho na jalada, chenye picha moja tu ya mbweha mdogo kwenye nchi kavu. Mchana, baada ya shule, nilikaa chini kando ya godoro, nikasoma sentensi kimoyomoyo na kuitoa kwa Kiswahili. Mama alifumba macho. Baada ya kurasa chache alisema, "Endelea, mama. Usinyamaze."

Mbweha yule alipotezana na mama yake moto ulipokula nyasi za bondeni. Akabaki peke yake katika nchi ambayo mito yake ni mchanga mtupu. Alijifunza kulamba umande juu ya mawe kabla jua halijaupanda mlima. Alikula mende, kisha mchwa, kisha matikiti ya porini ambayo ni machungu lakini yana maji. Mchana alijificha kwenye shimo lililoachwa na muhanga, yule mnyama mla mchwa, na tai alipopita, kivuli chake kikitambaa mdomoni mwa shimo lile, mama akashika shuka kwa mikono yote miwili. Mbweha alifuata simba kwa mbali, akingoja mifupa. Siku aliyopata kipande cha ngozi chenye nyama, mama alicheka kwa sauti, akaniomba nimchemshie chai.

Sikumbuki nani alianza. Nadhani ni baba. Asubuhi moja aliingia na koti lake la ulinzi, vidole vimekufa ganzi, akamwangalia mama, akaangalia lile tumbo lisilotajwa, akaniuliza mimi:

"Mbweha yetu iko muzima?"

"Iko muzima, papa," mama akajibu kabla yangu. "Usiku ilikimbia-kimbia sana."

Tangu siku hiyo tukapata namna ya kusema. Mbweha amelala leo. Mbweha anapiga teke. Mbweha anataka ndimu na chumvi. Mimi nilielewa, wao walijua naelewa, na sote watatu tulijifanya tunazungumzia kitabu. Ulikuwa wakati mtamu sana kwangu. Sijawahi kuwa karibu na wazazi wangu kama nilivyokuwa wakati ule, tukiwa tumemzunguka mnyama ambaye hatukumwona.

Kitu kile kilitutia aibu mara moja tu. Mama mchungaji wa kanisa letu, mwanamke mnene mwenye moyo mwema na sauti ya kuita watu sokoni, alikuja kumjulia hali mgonjwa wa mgongo. Alimkuta mama anasinzia. Baba akapita kuelekea bafuni, nusu usingizini, akauliza kama kawaida, "Na mbweha, nayo inalala?" Mama mchungaji akasimama wima. Akauliza mbweha gani. Hakuna aliyemjibu, maana kumjibu kungekuwa kuitaja mimba. Basi akafikia uamuzi wake mwenyewe: kuna roho ya mnyama ndani ya nyumba. Akaweka kiganja kwenye paji la mama, akafumba macho, na madirisha yakatetemeka.

"Wewe mbweha, toka! Nasema toka ndani ya hii nyumba!"

"Non, mama mchungaji!" mama akapiga kelele, akishika tumbo. "Usimufukuze! Asitoke! Bado!"

Baba alirudi mbio na povu la sabuni shingoni. Ilibidi mambo yaelezwe kwa kunong'ona na kwa macho zaidi kuliko kwa maneno, na mama mchungaji, akishaelewa, aliomba upya kwa upole kwamba mbweha akae palepale alipo mpaka saa ya Mungu. Baba alicheka kutwa nzima. Mama naye alicheka, huku machozi yakimtoka, na nikaona jinsi alivyoogopa.

Mimi hofu yangu ilikuwa nyingine. Nilikuwa nikisoma mbele kisirisiri, nikitaka kujua kama mbweha atamwona tena mama yake. Alimwona. Baada ya kiangazi kile chote aliisikia sauti yake ng'ambo ya korongo, akakimbia, akamkuta mbele ya pango jipya, tumbo lake likiwa kubwa. Mama mbweha alimnusa. Kisha akatoa meno. Akamuuma begani, akamkimbiza hadi mpaka wa eneo lake, kwa sababu alikuwa anakaribia kuzaa wengine, na mkubwa hakuwa na nafasi tena. Kitabu kilieleza kwamba ndivyo porini kulivyo, wala hakikumlaumu mtu. Nilisoma ukurasa ule mara nyingi nikiwa chooni shuleni, nikitafuta mahali nilipokosea Kiingereza. Sikuwa nimekosea.

Siku iliyofuata nilimwambia mama kitabu kimekwisha. Alipima kwa macho kurasa zilizobaki upande wa kulia, nene kama mkate. Akaniambia tu nimkune mgongo. Nilikuna, na nilikuwa nikilia bila sauti nyuma yake. Nilimwonea wivu mtu ambaye hata jina hakuwa nalo. Nilitaka aishi, Mungu ni shahidi, nilitaka kwa moyo wote. Nilitaka pia abaki hukohuko alikokuwa, mimi nibaki na godoro langu na mchana wangu.

Uchungu ulimjia mapema, wiki kadhaa kabla ya wakati, mchana wa jua lile lisilo na joto. Baba aliamka, akatafuta gari la jirani, na mimi nikapandishwa pamoja nao bila mjadala. Hospitalini watoto wa umri wangu hawakuruhusiwa wodini, lakini sista, yule muuguzi aliyempokea mama, alijaribu Kizulu, akajaribu Kiingereza, akaangalia huku na huku, kisha akanishika mkono akaniingiza. Baba alibaki nje kwenye benchi. Nikasimama karibu na kichwa cha mama.

Sista aliuliza maumivu yalianza lini, nikauliza. Aliuliza kama ameona damu, nikauliza. Kisha akauliza hii ni mimba ya ngapi. Nilijua jibu, nikataka kulisema mwenyewe: ya pili, mimi ndiye wa kwanza. Lakini mama aligeuza uso ukutani.

"Mwambie ya ine," alisema. "Babili hawakuishi. Bote nyuma yako."

Nikalisema kwa Kizulu: ya nne. Sista akaandika, mikono yake ikapunguza haraka. Sikuwahi kusikia habari za hao wawili waliokuja baada yangu. Nilielewa ghafla kwa nini neno "mtoto" lilikuwa zito hivyo nyumbani kwetu, na nikajiona mdogo kabisa, mdogo kuliko miaka yangu. Uchungu ukampitia mama, ukaisha. Akanivuta karibu.

"Ile kitabu haikuisha," alisema. "Yule mama wa mbweha alifanya nini?"

"Uthini umama?" sista akauliza, akitaka kujua mgonjwa anasema nini.

Nikamwambia sista kwamba anauliza habari za mbweha. "Hawu!" alisema sista, akagusa paji la mama kuona kama ana homa. Mimi nikamwinamia mama, nikamweleza yote kwa pumzi moja: pango, tumbo, meno, bega. Nikamwambia nilificha ukurasa kwa sababu sitaki kufukuzwa.

 Mama akaanza kucheka, kicheko kifupi kinachokatwa na maumivu, akanishika shavu kwa mkono uliolowa jasho.

"Miye nikufukuze? Na nani atanisemea kwa hawa batu?"

Kaka yangu mdogo, Heri, alizaliwa kabla jua halijatua, mdogo wa kutisha, akilia kwa sauti ya kuku. Siku zile za mwanzo mama alimlaza kifuani ndani ya nguo, ngozi kwa ngozi, kama sista alivyoniagiza nimweleze. Aliishi. Tulipomleta nyumbani nilirudishiwa kitabu mikononi, nikakisoma hadi mwisho, safari hii bila kuruka chochote, naye Heri akinyonya huku mama akisikiliza. Mbweha mkubwa, yule aliyefukuzwa, alipona pia, mbali, katika nchi yake mwenyewe.

Sasa Heri amenipita kwa kimo na kwa maneno. Alilelewa na watu watatu waliokuwa tayari wamempenda kwa jina la mnyama, na inaonekana. Anaelewa Kiswahili chote na hujibu kwa Kiingereza, kama binti yangu, ambaye yuko katika umri niliokuwa nao wakati ule. Binti huyu ana chumba chake. Hakuna daktari aliyewahi kumgeukia aseme siri za mama yake. Nikimsomea huniambia anaweza kusoma mwenyewe, na ni kweli. Namfurahia kwa utoto huo mwepesi, na kuna siku namwonea huruma, kwa sababu hajui raha ya kuhitajiwa. Mimi niliijua mno. Jibu la mama pale hospitalini lilinituliza, lakini nililielewa kitoto: kwamba nafasi yangu ni ya mdomo, na mdomo ukinyamaza nafasi inakwisha. Nikakua nikimsemea. Benki, ofisi za vibali, shuleni kwa Heri, kila mahali. Hata nilipoolewa niliacha kazi zangu nikaja nikiitwa, na siku moja ambayo sikuitwa nilishinda nimenuna.

Mwezi uliopita mama alinipigia nimpeleke kliniki kwa ajili ya presha. Niliomba ruhusa kazini, nikavuka jiji. Tukaingia kwa muuguzi, kijana mchangamfu, akauliza swali lake kwa Kizulu, nami nikageuka kulitafsiri. Kabla sijafungua kinywa mama alimjibu. Alijibu kwa Kizulu cha sokoni, chenye lafudhi ya Uvira na bila haya hata kidogo, akaeleza vidonge anavyokunywa, akalalamikia foleni, akamtania kijana kwamba anahitaji kuoa. Walicheka wote wawili. Mimi nilikaa nimeshika mkoba.

Tulipotoka kungoja dawa nilijaribu kufanya mzaha, ila sauti ilinisaliti. Nikamuuliza, kama anajua kusema hivyo, amenivusha jiji lote nije kufanya nini.

Mama alinitazama kwa mshangao wa kweli, kisha akasogea kwenye benchi kunipa nafasi.

"Kwani nilikuitia kazi?" alisema. "Kuya hapa, mama. Nilitaka tu ukae karibu na miye."