Skrubu au Sumaku

Siku yangu ya kwanza kazini, Mganga Mfawidhi wa hospitali yetu pale Lindi aligonga uma wa chuma wa kupimia usikivu, ukavuma, akauweka karibu na sikio langu, kisha akaukandamiza kwenye mfupa nyuma yake. "Mgonjwa asiyesikia hewani akisikia hapa," alisema, "sikio la ndani lingali hai. Usimwache."

Nikafanya kazi hiyo ya kupima masikio Lindi, Kilwa, kisha Lindi tena mpaka nikastaafu. Masikio hayakunichosha. Walionichosha ni wanaoyasemea.

Mwishoni mwa utumishi wangu alikuja Daktari Bingwa kutoka Dar es Salaam, akitafuta watu wazima wa kupandikizwa vifaa vinavyopitisha sauti mfupani. Nikampelekea Bi Somoe, mkulima wa korosho wa Rutamba. Masikio yake yalikuwa yakitoka usaha tangu usichana, hivyo hakuweza kuvaa kifaa cha kusikia kinachoziba tundu la sikio. Alikuja na mumewe, Mzee Bakari.

Daktari akaeleza aina mbili. Moja ina skrubu inayotokeza nje ya ngozi: sauti yake ina nguvu zaidi, ila pale panataka kusafishwa kila siku, la sivyo patafanya kidonda. Nyingine hushikwa na sumaku iliyofichwa chini ya ngozi: ngozi hubaki nzima, lakini sauti hufifia kidogo, na sumaku ikibana mno huumiza.

"Anataka sumaku," alijibu Mzee Bakari.

Nikamuuliza Bi Somoe anavyofunga ushungi, maana kifaa hukaa nyuma ya sikio, akajibu mume. Nikauliza kama hubeba ndoo kichwani, akajibu mume. Na Daktari akawa anaandika tu! Nilikereka. Nikamfunga mama yule kichwani mkanda wenye kifaa cha majaribio ili asikie, nikauliza tena anataka kusikia nini. Mzee akasema mkewe hana haja ya maneno mengi, kimya ameshakizoea.

Bi Somoe akamgeukia. "Bwana, nani kakwambia nimekizoea?"

Akachagua skrubu, kwa sababu wajukuu zake huongea kwa sauti ndogo. Mzee alinuna mpaka stendi. Baada ya upasuaji ngozi ilimsumbua mara moja, tukaitibu, na hadi leo anasikia.

Sasa nimestaafu, lakini watu wananifuata nyumbani kuniuliza kipi bora kwa mama, kipi kwa baba. Nawaambia wamlete mwenyewe. Wengi hawarudi.