Shangazi na Kipande cha Sabuni

Shangazi alikuwa fundi cherehani mpaka macho yake yalipozima. Tangu hapo alishinda kitandani, akielekea ukutani, hataki mtu. Siku moja nilirudi na maumbo ya mbao niliyoazima shuleni, nikamwekea moja kiganjani.

Akalipapasa. “Nyuso sita, zote mraba. Si mchemraba huu?”

La pili lilikuwa na kitako cha duara na ncha juu. “Hii ni pia.”

La tatu halikuwa na kona hata moja. “Tufe. Usinichezee, mwanangu.”

Nikaona nimpe mtihani. Nikaleta kipande cha sabuni kutoka bafuni. Alikigeuza, akakinusa, akaangua kicheko ambacho nilikuwa nimekisahau.

“Una vituko wewe! Huyu alizaliwa mche mstatili, maji yakamla kona. Sasa tumwite nani?”

“Sijui, shangazi.”

“Na yai je?”

Akainuka mwenyewe, akashika bega langu. “Twende jikoni tukaangalie.”

Mama aliporudi kutoka kazini alikuta meza imejaa vyombo vyote vya kabati, nasi bado tunabishana kuhusu kiazi.