Skrini Iliyokataa Kukaa Endarasha

Kuna siku ambayo haijawahi kunitoka akilini, mwanangu, na jana umenirudisha pale pale. Nilikusikia ukiwaambia wenzako kwamba ile skrini ya karibu na dirisha imekufa, itupwe. Imekufa? Umeiangalia saa ngapi? Umeipiga kofi ubavuni, ikanyamaza, basi ukaizika. Nilitaka kukukemea mbele ya darasa zima, nikaona heri nikukalishe nikusimulie, kwa sababu hata mimi kuna mtu aliyenikemea, na bila yeye nisingekuwa mwalimu wako leo.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na nyumbani hakukuwa na karo ya chuo. Kanisa letu hapa Endarasha likapewa kompyuta moja na mtu wa huku aliyekuwa akifanya kazi Nairobi. Ikawekwa kwenye chumba cha nyuma, na vijana tukawa tunajifunza kwa zamu. Ilikuwa na skrini ya zamani, nene, yenye kisogo kikubwa, nzito kama ndama. Wee, niliipenda ile kitu! Nilipoona herufi nilizopiga kwa vidole vyangu zikitokea pale mbele, nilijiona mtu. Baba alikuwa amesema darasa likifungwa niende Kagio, nikamsaidie shangazi kuuza nyanya sokoni. Kuuza nyanya si aibu, hata wewe umekula za watu. Lakini mimi sikutaka nyanya, nilitaka kompyuta.

Basi skrini ikaanza vituko. Asubuhi inawaka vizuri. Ukikaa nayo kidogo, picha inaanza kutetemeka, inajikunja kutoka pembeni, rangi zinageuka za ajabu, halafu giza. Kesho yake asubuhi imerudi kama haijafanya lolote. Kila mtu akawa daktari. Wengine walisema stima ya Endarasha haina nguvu, wengine wakasema ni baridi ya mlima, na mama mmoja alitaka iombewe. Mwenyekiti wa kamati ya kanisa, Mzee Gathogo, alikuwa na dawa yake: kompyuta itolewe, chumba kiwe stoo ya viazi, maana viazi havizimiki.

Nikaomba ruhusa niipeleke skrini kwa fundi. Tuliifunga kwa blanketi, nikapanda nayo pikapu iliyokuwa ikipeleka kabeji Nyeri mjini, nikaikumbatia njia nzima. Fundi alikuwa Mzee Odhiambo, mtu wa Siaya, aliyekuwa akitengeneza redio na televisheni za Nyeri tangu sijazaliwa. Nikaitua mezani pake nikamwambia, "Mzee, hii imekufa."

Hakuigusa. "Mimi sijauliza kama imekufa. Nauliza inafanya nini."

"Inazima."

"Inazima namna gani? Ikizima, hii taa ndogo ya hapa chini inabaki ama inaenda? Inaharibika ikiwa baridi ama ikishakaa?"

Sikujua. Nikamwambia tu kwamba naipenda sana. "Unasema unaipenda na hujawahi kuiangalia," akaniambia, na wala hakucheka. Uso ulinichoma, mwanangu. Hata leo nikikumbuka unanichoma kidogo.

Akaiunganisha na kompyuta yake, tukangoja. Iliwaka mchana kutwa bila hata kupepesa. Jioni akaifunga tena kwa blanketi langu. "Msichana, hii ni nzima. Shida iko kwenu. Enda ukae nayo, ubadilishe kitu moja, moja tu, halafu ungoje. Ukibadilisha mbili, hutajua ni gani imesaidia."

Shida iko kwenu! Nilirudi Endarasha na skrini mapajani na hiyo sentensi kichwani. Kesho yake tukaiwasha darasani, na haikumaliza asubuhi. Mzee Gathogo alicheka mpaka kofia ikamwanguka. "Hii kitu imekataa Endarasha," akasema. "Inapenda town." Akatangaza kamati ikutane Jumamosi kukata shauri, na magunia ya viazi yakaegemezwa mlangoni hata kabla ya huo mkutano.

Nikakasirika. Si ile hasira ya kupiga kelele, ni ile ya kukunja mikono ya sweta. Nikahamia kwenye kile chumba. Nilibadilisha waya wa stima, nikangoja, ikazima. Nikaurudisha wa zamani, nikachomeka kwenye soketi ya ukuta wa pili, ikazima. Nikakaza waya unaoleta picha kutoka kwa kompyuta, nao haukusaidia, lakini safari hiyo niliona ile taa ndogo imebaki ikiwaka, kwa hivyo stima ilikuwa inafika. Na kila mara ilianza vizuri, ikaharibika ikishakaa. Nikajiuliza: kwa fundi iliwekwa vipi, na huku tunaiweka vipi? Meza ni meza, stima ni stima. Nikainua macho, nikaona kitambaa.

Hapa lazima nikuambie habari za cucu. Nyanya yangu, mama yake baba, ndiye aliyenilea, na ndiye aliyekuwa kiongozi wa akina mama wa kanisa. Unajua nyumba zetu zilivyo, hakuna kitu cha thamani kinachokaa uchi. Makochi yana vitambaa, redio ina kitambaa, hata thamosi. Kompyuta ilipokuja, cucu alifuma kitambaa cha krimu chenye maua ya manjano, kizito, akaivalisha skrini kwa mikono yake mwenyewe. Sisi tulikuwa tunawasha na kuzima bila kukitoa, kimeshuka mpaka kisogoni. Ila nilipoenda Nyeri, cucu alikikunja akakiacha nyumbani, kisije kikachafuliwa na grisi za fundi, na niliporudi akaivalisha tena.

Niliingiza mkono chini yake. Pale juu kuna matundu ya kutoa joto, na palikuwa panachoma kama kikaango. Nikakitoa kile kitambaa, nikaiacha ipoe, nikaiwasha tena, nikangoja. Haikuzima mpaka nilipofunga chumba.

Ungedhani nilirukaruka. Niliogopa! Kitu ambacho cucu amekifuma, hata baba hakuthubutu kukisogeza.

Jumamosi kamati iliingia ikaikuta skrini inawaka tangu asubuhi. Nilikuwa bado natafuta namna ya kumvuta cucu kando nimwambie, mara yeye mwenyewe akaingia, akaiona iko wazi. "Ni nani ameivua?" Akaokota kitambaa, akakitandaza juu, akanyoosha maua yake moja moja, akakaa. Mzee Gathogo akaanza kueleza habari za viazi, na alivyokuwa na maneno mengi, picha ikaanza kutetemeka hajamaliza.

"Si mnaona?" akasema, akiinyooshea kidole.

Nikasimama. "Cucu, toa kitambaa."

Akanigeukia. "Ati nini?"

"Kitambaa yako ndiyo inaizima. Inazuia joto kutoka. Weka mkono hapo chini." Sauti ilikuwa inatetemeka kuliko ile picha, lakini sikurudi nyuma. "Weka mkono, cucu."

Alinitazama mpaka nikatamani kujificha nyuma ya yale magunia. Kisha akainuka, akaingiza mkono, akauchomoa haraka. "Uui! Inachoma!" Akasimama pale ameushika mkono wake. "Kwani hii kitu inapumua? Na mimi nimekuwa nikiifunga pua?"

Akakivuta kitambaa mbele ya kamati yote. Tukangoja. Chai ikaletwa, ikanywewa, na picha ikaanza kutulia, ikajinyoosha tena mpaka pembeni. Mzee Gathogo akaisogelea, akaikodolea macho.

Cucu akanijia, akanitupia kile kitambaa mabegani, akakifunga fundo kifuani pangu. "Hii nilifuma ya kufunika kitu ya maana," akasema. "Basi kaa nayo wewe." Akageuka. "Na wewe Gathogo, toa viazi zako kwa mlango."

Nililia, mwanangu, mbele ya wazee wote, na sioni haya kukuambia.

Basi nisikilize. Ukiambiwa kitu kimeharibika, kiwe skrini au kiwe mtu, uliza kwanza kinafanya nini. Kaa nacho. Geuza jambo moja, ungoje uone. Ukishaupata ukweli, useme, hata kama kosa limefumwa na mkono unaoupenda. Useme kwa adabu, lakini useme. Na siku wewe ndiye utakayeambiwa uweke mkono, uuweke. Hilo ndilo gumu kuliko yote, na cucu alilifanya mbele ya watu.

Haya, inuka uende kwenye ile skrini ya dirishani. Mungu wa cucu akupe macho ya kuangalia na moyo wa kungoja, akujalie watu utakaowaambia ukweli na bado wakupende. Na ukisikia baridi, kitambaa ni hicho hapo kwenye kiti changu. Jifunike wewe, skrini uiache ipumue.